Kauri Iliyopimwa kwa Sauti: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Muulize mpimaji swali moja kwanza: umeseti kasi gani? Akibabaika, usihangaike na namba zake. Mashine ya ultrasaundi haipimi unene. Inapima muda ambao sauti imetumia kufika upande wa pili wa kauri na kurudi, inauzidisha kwa kasi iliyowekwa na mtu, kisha inagawa kwa mbili. Mtu huyo akiiacha kwenye kasi ya chuma, mita 5,900 hivi kwa sekunde, bamba la alumina safi la milimita 10 litasomeka milimita 5.6, kwa kuwa ndani ya alumina iliyoiva vizuri sauti hukimbia karibu mita 10,500 kwa sekunde. Na skrini haitalalamika. Namba itatulia pale na desimali zake mbili, ikimdanganya kila anayeisoma.

Ndiyo maana mpimaji anayejua kazi huja na kipande cha mfano cha kauri ileile, ikiwezekana kilichotoka tanuri moja na mzigo wako, ambacho amekwisha kukipima kwa maikromita. Silikoni kabaidi hukaribia mita 12,000, zirkonia iko kwenye 7,000 hivi, na kauri ya vikombe vya nguzo za umeme huwa chini zaidi, ikipanda kadiri alumina inavyoongezwa kwenye udongo. Anayekutajia “kasi ya kauri” kwa jumla hajui anachokipima.

Utamu wa kazi hii uko kwenye kuigeuza hesabu. Pima unene kwa maikromita, halafu tafuta kasi. Kauri isiyoiva sawasawa hubaki na vitundu ndani yake, na vitundu huudhoofisha ukakamavu haraka kuliko vinavyopunguza uzito. Hapo kasi hushuka hata kama kwa macho bamba ni jeupe na laini. Pima katikati na kwenye pembe zote nne. Katikati pakisoma chini kuliko pembe, joto halikufika ndani ipasavyo, au unga haukushindiliwa sawa. Mimi humwamini zaidi anayeniletea ramani ya kasi kuliko anayeniletea wastani, maana wastani huficha pembe mbovu.

Kwenye kutafuta nyufa, angalia masafa. Kwa megahezi 5, wimbi ndani ya alumina lina urefu wa milimita 2 hivi, na kwa makadirio ya kawaida dosari iliyo ndogo kuliko nusu ya wimbi huponyoka kwa urahisi. Kauri nayo huvunjika kwa dosari ndogo mno, za sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo. Kwa megahezi 50 wimbi hupungua hadi milimita 0.2. Hivyo ripoti inayosema “hakuna ufa” bila kutaja masafa haijasema kitu. Kupandisha masafa nako kuna gharama: chembe zikiwa kubwa, sauti hutawanyika njiani na skrini hujaa vimwangwi visivyo na maana.

Jicho lako likae kwenye mwangwi wa upande wa nyuma. Ukididimia bila mwangwi mwingine kutokea mbele yake, huenda kuna ufa uliolala mshazari unaoirusha sauti pembeni, au kundi la vitundu, au jeli ya kupitishia sauti kati ya kichwa cha mashine na kauri imekauka tu. Fundi wa harakaharaka huongeza nguvu ya mashine mpaka mwangwi urudi, akaendelea na kipande kinachofuata. Aliye makini hupangusa, hupaka jeli upya, hupima tena, kisha hugeukia upande mwingine, kwa sababu ufa uliosimama sambamba na njia ya sauti hauonekani kutoka upande huo hata kidogo.

Kazi ikifanyiwa ndani ya maji, tazama kishikizo cha kipande. Kichwa cha mashine kikiinama zaidi ya nyuzi 8 hivi kutoka wima, wimbi la moja kwa moja haliingii tena kwenye alumina. Mapovu ya hewa yaliyoganda juu ya kauri nayo huonekana kama dosari, yapanguswe. Kauri ambayo haijachomwa isiguswe na maji wala jeli, maana huvinyonya.

Mwisho wa zamu, kipande cha mfano kipimwe tena. Kikisoma tofauti, kila kilichopimwa tangu kiliposoma sawa mara ya mwisho hurudiwa, hata kama gari la mteja limeshaingia uani.