Uzoefu kwa Ajili ya Nani? Tafakari juu ya Ufadhili wa Wataalamu

Tangu miaka ya 1990 Annie E. Casey Foundation ya Marekani imekuwa ikiwafadhili wataalamu wazoefu ili wajifunze kurekebisha taratibu zinazowahudumia watoto na familia zenye shida. Wazo hili ni jema, kwa kuwa mtoto huumizwa na taratibu mbovu kama anavyoumizwa na mtu mbaya. Hata hivyo latupasa kuuliza: ni nani amchaguaye mtaalamu huyo, na baadaye atatoa hesabu kwa nani?

Kwa Karagwe na Kyerwa swali hili si la nadharia tupu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na yatima wengi wakalelewa na bibi zao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaikabidhi halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Wajibu huo unaihusu pia Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Lakini sheria haimwendei mtoto kijijini. Kati yake na ofisi ya ustawi wa jamii, polisi na mahakama, lazima awepo mtu wa kumshika mkono.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa ufadhili wa namna hii. Humpima mtaalamu kwa vyeti na maandiko yake, yaani kwa macho ya mfadhili. Katika Matendo 6, wajane waliposahauliwa, mitume hawakuteua wenyewe. Waliliachia kusanyiko kuwachagua watu saba wenye ushuhuda mwema. Vivyo hivyo kasha la pamoja la Leisnig, ambalo Luther aliliandikia dibaji mwaka 1523, lilikuwa na wasimamizi 10 waliochaguliwa kila mwaka, watatu kati yao wakiwa wakulima.

Mfano wa jirani upo Nshamba, wilayani Muleba. Kurt Madörin, Mswisi aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi katika kazi za maendeleo, alishiriki kuanzisha Humuliza, mradi wa kuwafariji yatima. Uzoefu wake haukuishia katika taarifa. Mwaka 2000 yatima wenyewe waliunda chama chao, Vijana Simama Imara. Na mwaka 2003 Kwa Wazee ilianza kuwalipa wazee pensheni, pamoja na nyongeza kwa ajili ya wajukuu wanaowalea.

Kwa hiyo mchungaji anayeombwa barua ya kumdhamini mtaalamu hana budi kuuliza mambo matatu. Je, wale anaowahudumia wamemshuhudia? Wakati hayupo, nani atashika zamu yake? Na akirudi, ni jambo gani litakalobaki mikononi mwa bibi na mjukuu? Pasipo majibu, tutakuwa tumempandisha mtu cheo na kumwacha mtoto pale pale tulipomkuta.