Punje na Ungamo: Mateso na Tumaini katika A Grain of Wheat

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967), imejengwa juu ya sitiari ya Kibiblia inayojitokeza katika anwani yenyewe: mbegu haina budi kufa ndipo izae. Usomaji uliozoeleka humtwaa Kihika, mpiganaji wa msituni anayenyongwa hadharani, kuwa ndiye punje, na Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963 kuwa ndio mavuno. Makala haya hayadhamirii kuukanusha usomaji huo, bali kuonyesha kwamba hautoshi. Tunadai kuwa katika riwaya hii mateso peke yake hayazai tumaini. Kinacholizaa ni mateso yaliyokubali kusemwa ukweli wake.

Suala hili lina uzito nje ya kurasa za riwaya. Enzi ya ukoloni, mwumini Mwafrika alihubiriwa avumilie, athawabishwe mbinguni. Mahubiri hayo yaliyafanya mateso kuwa mema kwa yenyewe, na mtesi akaponea hapo. Yeyote anayetafuta maana ya mateso katika imani ya Kikristo sharti kwanza ajibu shtaka hili.

Ngũgĩ analijibu kupitia Biblia ya Kihika. Aya zinazotangulia baadhi ya sehemu za riwaya ni zile ambazo Kihika alizipigia mstari katika nakala yake mwenyewe: Musa anatumwa kwa Farao, punje inaanguka ardhini, mbingu mpya na nchi mpya zinaonekana. Kwa Kihika, msalaba ni wito wa kujitoa kwa ajili ya wengine. Mateso yanapata maana kwa sababu yameelekezwa mahali. Yana mtu wa kukombolewa upande wa pili.

Hata hivyo, mhusika anayeteseka kwa muda mrefu zaidi mbele ya macho yetu ni Mugo, aliyemsaliti Kihika. Hapa pana kinaya kikuu cha riwaya. Mugo naye alikuwa amejiona kama Musa aliyeitwa na Mungu. Naye anapigwa na kuzuiliwa kambini Rira, mahali panapomkumbusha msomaji kambi ya Hola, ambako wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959. Wanakijiji wa Thabai wanaona makovu na kimya chake, wanahitimisha kuwa ni shujaa. Wanamwomba ahutubu siku ya Uhuru. Makovu ni ya kweli, maumivu ni ya kweli, lakini maana waliyoyapa ni ya uongo. Mwandishi asingeweza kutuonya waziwazi zaidi dhidi ya kuyaabudu mateso.

Mageuko yanatokea Mugo anapokiri, kwanza kwa Mumbi, kisha mbele ya umati. Wahakiki hawajalipa uzito wa kutosha umbo la kitendo hiki. Ni umbo la ushuhuda, ule uliokolezwa na vuguvugu la Uamsho lililoanzia Rwanda na kuenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930: mwenye dhambi husimama katikati ya kusanyiko, akaitaja dhambi yake kwa jina. Ndani ya riwaya, Uamsho unawakilishwa na mchungaji Jackson Kigondu, ambaye wokovu wake unamfikisha kwenye kuwahubiria watu dhidi ya wapiganaji. Ngũgĩ anaukataa wokovu huo unaoitoroka jamii, ila anaiokoa sura yake na kuirejesha kwa jamii iliyosalitiwa. Mugo haungami ili apate amani yake binafsi. Anaungama ili Karanja, asiye na hatia ya usaliti huo mahususi, asibebeshwe lawama yake. Hapo ndipo punje inapoanguka.

Je, twaweza kuliita tumaini hili la Kikristo? Mwaka 1970, akihutubia Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, mwandishi alitamka kwamba yeye si Mkristo. Kauli hiyo lazima iheshimiwe. Hakuna katika riwaya Mungu anayemfufua Mugo. Anahukumiwa faraghani na wenzake, na Wambui anabaki na mashaka juu ya hukumu hiyo. Msamaha, ambao ndio kiini cha imani inayohusika, haumfikii aliyeungama. Huu ndio mpaka wa riwaya, na pengine ndio uaminifu wake.

Lakini mavuno yapo, japo kidogo. Gikonyo, aliyemfungia Mumbi moyo kwa sababu ya mtoto aliyezaa na Karanja, analala hospitalini akiutafakari ujasiri wa Mugo. Anaanza kuona kigoda atakachokichonga, chenye umbo la mwanamke mjamzito. Mumbi haharakishi upatanisho. Anasema mambo hayo yazungumzwe. Tumaini linaanzia hapo, katika mazungumzo ambayo bado hayajafanyika.

Kwa hiyo punje si mateso, wala si shujaa aliyeteswa. Ni ule uongo tunaoishi nao ambao hauna budi kufa. Jamii inayosherehekea makovu bila kuuliza yalipatikanaje itaendelea kupanda mawe na kungojea ngano.