Kivuli cha Mbawakawa

Joris Hoefnagel, mzaliwa wa Antwerp mwaka 1542, aliwachora wadudu kabla hadubini haijafika mikononi mwa wachoraji. Kazi yake kubwa aliigawa katika juzuu nne: moto, ardhi, maji na hewa. Wadudu aliwaweka kwenye moto, katika juzuu iitwayo Ignis, ambayo leo iko National Gallery of Art, Washington. Kurasa zake ni ndogo, kama sentimita 14 kwa 18.

Alichorea ngozi ya ndama, na hapo ndipo uchambuzi wowote wa mkono wake unapaswa kuanzia. Ngozi hainywi maji kama karatasi. Rangi hubaki juu juu. Ukirudia kwa brashi iliyolowa, tabaka la chini linanyanyuka na kazi inachafuka. Kwa hiyo mchoraji hutandaza kwanza rangi nyepesi, huiacha ikauke, kisha hujenga umbo kwa vimistari na nukta za brashi iliyo karibu kavu. Nywele za kiwavi haziwezi kuchorwa kwa njia nyingine.

Mtazame mbawakawa mwenye pembe kama za kulungu. Hoefnagel alimnakili kutoka kwa Albrecht Dürer, aliyemchora mwaka 1505 kwa rangi ya maji. Kinachomfanya mdudu huyu aonekane yuko tayari kutembea ni kivuli zaidi kuliko weusi wa gamba. Mguu unapokanyaga ukurasa, kivuli kinaanzia palepale kwenye ncha. Unapoinuka, kivuli kinaachana nao kidogo. Ukikosea upana wa uzi mmoja tu, mdudu anakuwa doa lililobandikwa. Mng'ao wa gamba huja baadaye, kwa rangi nyepesi inayowekwa juu ya nyeusi.

Kwa kerengende shida ilikuwa nyingine: ubawa wake unapitisha mwanga, ilhali rangi nzito huuziba. Katika ukurasa mmoja Hoefnagel alichora kiwiliwili, kisha akabandika mbawa halisi za kerengende. Wengi huusifu ukurasa huo kuliko yote. Mimi nauona ni jasiri, lakini ufundi wake mkubwa uko kwenye mbawa alizozipaka mwenyewe, pale alipoiacha ngozi ionekane katikati ya mishipa myembamba, na weupe wa ngozi yenyewe ukawa ndio mwanga unaopenya.