Kisu Kinapofuata Utando: Upasuaji wa Saratani ya Puru na Ushahidi Wake

Puru ni kipande cha mwisho cha utumbo mpana, chenye urefu wa sentimita 15 hivi, kilichojibanza ndani ya nyonga. Mbele yake pana kibofu cha mkojo na tezi dume kwa mwanamume, au uke kwa mwanamke. Nyuma yake pana mfupa wa chini kabisa wa mgongo. Pembeni zinapita neva za mkojo na za tendo la ndoa. Nafasi ni finyu, ina giza, na damu hujaa upesi. Ndiyo maana kwa miaka mingi saratani ya sehemu hii ilikuwa na sifa mbaya kuliko ya utumbo mwingine: mgonjwa alipasuliwa, akapona kidonda, kisha ugonjwa ukarudi pale pale nyongani ukiwa na maumivu makali ambayo dawa hazikuyaweza. Mnamo 1908 daktari Mwingereza William Ernest Miles alieleza kwamba kati ya wagonjwa 57 aliowapasua kwa kupitia chini, 54 walirudiwa na ugonjwa. Jibu lake lilikuwa kukata kwa upana zaidi, kupitia tumboni na chini kwa pamoja, na kumwacha mgonjwa na mfuko wa kinyesi maisha yake yote. Upasuaji huo uliokoa wengi, lakini haukulimaliza tatizo. Katika utafiti wa Sweden ulioandikisha wagonjwa kati ya 1987 na 1990, waliofanyiwa upasuaji peke yake walirudiwa na saratani nyongani kwa asilimia 27 ndani ya miaka mitano. Zaidi ya robo, katika nchi tajiri, mikononi mwa madaktari waliosoma.

Hoja yangu ni kwamba kilichopunguza idadi hiyo zaidi ya kitu kingine chochote ni njia ambayo kisu kilipita, na kwamba njia hiyo ilikuja kuwa tiba ya kuaminika pale tu mtu mwingine, asiye mpasuaji, alipopewa kazi ya kuikagua. Sehemu ya kwanza ya hoja hii hutajwa mara nyingi. Ya pili husahaulika, na kusahaulika kwake kumeleta madhara.

Tuanze na njia yenyewe. Kuanzia 1978, Bill Heald, daktari mpasuaji katika hospitali ya mji mdogo wa Basingstoke, Uingereza, alipasua puru kwa kufuata wazo moja la maumbile. Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama, puru hukua pamoja na mafuta, mishipa ya damu na tezi za limfu zinazoihudumia, na vyote hufungwa ndani ya utando mmoja mwembamba. Furushi hilo la mafuta huitwa mesorektamu. Saratani inapotoka kwenye ukuta wa puru husambaa kwanza humo. Mwaka 1982 Heald na wenzake walichapisha maelezo ya wagonjwa watano ambao chembe ndogo za saratani zilionekana ndani ya mafuta hayo, sentimita kadhaa chini ya pale jicho lilipodhani uvimbe umeishia. Mpasuaji wa zamani alikuwa akiingiza mkono nyuma ya puru na kuibandua kwa nguvu, bila kuona. Mkono hupita palipo na ulaini, nao huupasua utando na kuacha mabaki ya mafuta yamenata kwenye nyonga, na ndani ya mabaki hayo ugonjwa husubiri. Heald alisema mkono usiingie. Kazi ifanywe kwa mkasi au kisu cha umeme, mbele ya macho, katika uwazi mwembamba ulio nje ya utando, mpaka furushi zima litoke likiwa na ngozi yake laini isiyo na mchubuko. Uwazi huo hauna mishipa mikubwa, na neva zinabaki upande wa pili. Anayeupata hufanikisha mambo mawili kwa mkato mmoja: ugonjwa unatoka wote, na mgonjwa anabaki na uwezo wake wa kukojoa na wa kuwa na mwenza.

Mwaka 1986 Heald alitangaza kwamba kati ya wagonjwa 115 waliopasuliwa kwa lengo la kuponywa, uwezekano wa saratani kurudi nyongani ndani ya miaka mitano ulikuwa asilimia 3.7. Wengi hawakuamini, na walikuwa na haki. Hospitali moja, mpasuaji mmoja, wagonjwa ambao huenda wamechaguliwa: takwimu za namna hiyo zimewahi kupotosha tiba nyingi. Lakini mwaka ule ule ulitokea ushahidi wa aina nyingine kabisa. Philip Quirke wa Leeds, mtaalamu wa patholojia, alichukua vipande vilivyotolewa kwa wagonjwa 52, akavikata kwa mkingamo vyote badala ya sehemu chache kama ilivyozoeleka, akapima umbali kati ya saratani na ukingo wa pembeni. Katika vipande 14, yaani asilimia 27, saratani ilikuwa imeufikia ukingo, na karibu wote hao walirudiwa na ugonjwa nyongani. Wapasuaji waliokuwa wakilaumu ukali wa saratani sasa walioneshwa kwamba ugonjwa ulikuwa umeachwa, na kwamba jambo hilo lingeweza kuonekana siku chache tu baada ya upasuaji. Kwa maoni yangu, ugunduzi huo una uzito sawa na ule wa Basingstoke, maana ndio uliotoa mizani.

Tofauti kati ya mikono nayo ilipimwa. Utafiti wa Glasgow uliochapishwa 1991 uliwalinganisha wapasuaji 13 wa saratani ya utumbo mpana na puru. Baada ya upasuaji uliodhaniwa umeondoa ugonjwa wote, waliokuwa hai miaka 10 baadaye walikuwa asilimia 20 kwa mpasuaji mmoja na asilimia 63 kwa mwingine. Dawa yenye tofauti kubwa hivyo kati ya chupa moja na nyingine ingeondolewa madukani siku hiyo hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: huenda sifa anazopewa mpasuaji ni za tiba ya mionzi. Utafiti ule wa Sweden ulionesha kwamba dozi fupi ya mionzi kwa siku tano kabla ya upasuaji ilishusha kurudi kwa ugonjwa kutoka asilimia 27 hadi 11, na kuongeza waliokuwa hai baada ya miaka mitano kutoka asilimia 48 hadi 58. Haya si madogo. Lakini Waholanzi walifanya jambo ambalo Waswidi hawakulifanya: waliwafunza wapasuaji kwanza. Kati ya 1996 na 1999, zaidi ya wagonjwa 1,800 walipangwa kwa kura kupata mionzi au kutopata, na kila mpasuaji alisimamiwa na mwalimu katika upasuaji wake wa mwanzo. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 2.4 ya waliopata mionzi na 8.2 ya wasiopata. Baada ya miaka 10, 5 kwa 11. Asilimia 11 kwa miaka 10 bila mionzi, dhidi ya 27 kwa miaka mitano. Wagonjwa wa nchi mbili hawalinganishwi moja kwa moja, hilo nalikubali, ila Stockholm yenyewe ilitoa jibu la karibu zaidi. Baada ya Heald kwenda kufundisha huko, wagonjwa 447 walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 6 ndani ya miaka miwili, wakati katika tafiti mbili za awali za mji huo ilikuwa asilimia 15 na 14. Waliobaki na mfuko wa kudumu wa kinyesi kwa kuondolewa puru yote walishuka kutoka zaidi ya nusu hadi asilimia 27. Mionzi basi inasaidia, lakini si yenyewe pekee iliyoleta mabadiliko haya.

Wapo wanaosema njia hii haijawahi kushindanishwa kwa kura na ile ya zamani. Ni kweli, wala haitashindanishwa sasa, maana hakuna daktari mwenye dhamira atakayekubali kuupasua utando kwa makusudi. Lakini tunacho kilicho karibu na hapo. Ndani ya utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2009, vipande vya wagonjwa 1,156 vilipangwa kwa ubora: utando ukiwa mzima, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 4 ndani ya miaka mitatu, mafuta yakiwa yamechanwa, 7, kisu kikiwa kimefika kwenye misuli ya puru, 13. Ngazi hiyo inajieleza. Gharama nayo ipo, na haifai kufichwa: utumbo unapounganishwa tena chini sana nyongani, kiungo hicho huvuja mara nyingi zaidi. Utafiti wa Sweden wa 2007 ulionesha kwamba mfuko wa kinyesi wa muda hupunguza uvujaji wenye dalili kutoka asilimia 28 hadi 10.3, na tangu hapo ni vigumu kutetea kutoutumia.

Funzo la sehemu ya pili ya hoja yangu, yaani ukaguzi, lilitoka Norway. Njia mpya ya kuufikia utando kutoka chini, kwa kamera kupitia tundu la haja kubwa, ilienea upesi duniani. Wanorwei walikagua wagonjwa wao 157 na kukuta ugonjwa umerudi mapema kwa kadirio la asilimia 11.6, dhidi ya 2.4 katika daftari lao la taifa la wagonjwa wa saratani. Waliisimamisha. Waliweza kuisimamisha kwa sababu walikuwa na daftari.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako mashine za mionzi ni chache na wagonjwa hufika wamechelewa, hoja hii ina uzito mara mbili. Chuo cha wapasuaji cha kanda, COSECSA, chenye makao Arusha, tayari kinafunza na kutahini. Kinachohitajika zaidi ni wino wa kupaka ukingo wa kipande, picha yake mbele na nyuma kabla hakijakatwa, na mtaalamu wa patholojia anayelipwa kukipima kwa utulivu. Hivyo ni vitu vya bei ndogo kuliko mashine yoyote. Na wewe msomaji, ukiwa na ndugu aliyepasuliwa puru, omba majibu ya patholojia na uulize swali moja: saratani ilikuwa milimita ngapi kutoka ukingo wa pembeni? Ikiwa ni 1 au chini ya hapo, arudi kwa daktari wake wiki hii, asingoje maumivu.