Real World Haskell: sura ya 7 ndiyo inayokiangusha kitabu

Bryan O'Sullivan, John Goerzen na Don Stewart walikitoa mwaka 2008 wakiahidi Haskell ya kazini, na sehemu kubwa wameitimiza: JSON ya sura ya 5, kusoma msimbopau katika sura ya 12 na STM (kumbukumbu ya miamala) ya mwishoni ni kazi safi.

Lakini tazameni mfululizo wa toupper katika sura ya 7, programu za kugeuza herufi za faili kuwa kubwa. Programu ya kwanza inauliza hIsEOF, inasoma mstari kwa hGetLine, inaandika, inarudia. Mwanafunzi anaona faili linapofunguliwa na linapofungwa. Kisha waandishi wanaiacha! Wanamhamishia kwenye hGetContents, halafu readFile na writeFile, hadi interact. Kila hatua msimbo unafupika na faili linazidi kutoweka machoni. Ufupi umefanywa kipimo cha ubora.

Njia hizo zote husoma kivivu, maana yake data haisomwi pale ulipoandika readFile. Itasomwa pale itakapohitajika, na faili linabaki wazi mpaka hapo. Kwa faili moja hakuna neno. Mpe kijana folda yenye maelfu ya mafaili ya logi, ayapitishe kwenye mapM readFile, mfumo unamkatalia: mafaili yaliyo wazi yamezidi. Akisoma faili la mipangilio na kuliandika upya kabla hajalimaliza, anaambiwa limeshikiliwa. Akiwahi kuita hClose, kikusanyaji GHC cha enzi hizo kinampa matini tupu, kimya kimya, na atatafuta kosa hilo usiku kucha. Ndiyo, onyo kuhusu hClose limo. Onyo la aya moja litashindaje kurasa nzima za mifano?

Na String ya mifano hiyo, nitaendelea kuipigia kelele: orodha ya herufi mojamoja, baiti 24 kwa kila kiungo kwenye GHC ya biti 64, huku ByteString, inayobana data zaidi, ikisubirishwa hadi sura ya 8.

Abelson na Sussman waliliona tatizo hili la uvivu mapema. Katika sura ya 3 ya kitabu chao, SICP, wanasema wazi kwamba kuchelewesha hesabu na kubadili hali ya vitu havikai pamoja vizuri. Joe Armstrong naye, aliyetoka kwenye mitambo ya simu ya Ericsson, alishiriki kubuni lugha ya Erlang akianzia kwenye kuharibika kwa vitu, si kukuficha.

Tiba walikuwa nayo: toupper ya kwanza ibaki kuwa mfano mkuu, ifuatiwe na readFile ya ByteString isiyo ya kivivu, inayosoma faili zima na kulifunga papo hapo. Interact ingewekwa kwenye nyongeza.