Mkasi wa Televisheni

Wako watu wanaouliza: maisha ya watu tunayoonyeshwa katika televisheni, wakigombana, wakilia, wakipendana na kuachana, ni mambo ya kweli ama ni mchezo uliotungwa? Wengine hata hawaulizi. Wasema: "Yote ni uongo, wamefundishwa la kusema." Wengine huapa kwamba wameona kwa macho yao wenyewe. Sisi twaona ya kuwa wote wautafuta uongo mahali usipokaa.

Tutazame kazi iliyo kama mzazi wa kazi hizo zote. Jina lake ni "An American Family", maana yake Jamaa Moja ya Marekani. Mkubwa wa kazi alikuwa Craig Gilbert, wa televisheni ya New York, nayo ikaonyeshwa mwaka 1973, saa moja kila juma, kwa majuma 12. Jamaa yenyewe ni ya Bwana Bill Loud na mkewe Pat, wenye watoto watano, waliokaa Santa Barbara katika California. Watu wenye mali, na nyumba yenye birika la kuogelea. Mwaka 1971 Alan Raymond aliyeshika kamera na mkewe Susan aliyenasa sauti waliingia kwao, wakafuatana nao muda wa miezi saba. Hapakuwa na maneno yaliyoandikwa mbele.

Katika miezi hiyo ndoa ikavunjika. Bill anarudi kutoka safari ya kazi; Pat anampa kadi ya mwanasheria wake na kumtaka aondoke nyumbani. Wachezaji wa sinema wangalipaza sauti, wangalivunja sahani. Hawa wawili wanasema polepole, kama watu wanaopatana bei ya gari, na ndiyo maana yauma kutazama. Hatuthubutu kusema kwamba jambo lile liliigizwa.

Basi, kwa nini jamaa hiyo ilinung'unika sana baada ya kuonyeshwa? Picha zilizopigwa zilikuwa za saa 300 hivi. Watazamaji walipewa 12. Katika kila saa 25, saa 24 zilitupwa. Akina Loud walisema kwamba vicheko vyao na mazungumzo yao mema yalitupwa pia, na mabaya yakachaguliwa. Je, ni kweli? Sisi tuliopewa saa 12 hatuwezi kuamua kesi ya saa 288. Lakini fikirini nyumba zenu wenyewe. Mtu akikaa kwenu miezi saba na kuandika kila neno, hakosi maneno ya kuwafanya watakatifu, wala hakosi maneno ya kuwafanya washenzi, na yote mtakuwa mmeyasema kweli.

Tena kuna jambo tunaloliona kuwa kubwa kuliko kukata: ni kupanga. Sehemu ya kwanza yaanza na mkesha wa Mwaka Mpya, yaani mwisho wa miezi ile, wakati Bill amekwisha kuondoka. Ndipo tunarudishwa nyuma, siku ya kwanza, jamaa wakila chakula cha asubuhi. Mtazamaji aliyekwisha kujua mwisho anawatazamaje? Bill akinyamaza, husema: "Unaona, moyo wake umetoka." Pengine alikuwa na usingizi tu! Hakuna neno la uongo lililosemwa, walakini chakula kile si chakula tena, kimekuwa dalili.

Margaret Mead, yule mtaalamu wa mila za watu, aliisifu kazi hii kuwa jambo jipya, kama vile michezo ya kuigiza na hadithi ndefu zilivyokuwa mpya zilipobuniwa. Twakubali. Lakini mtunga hadithi hatumii majina ya majirani wanaopaswa kwenda sokoni kesho yake.

Waliofuata wamezidi. "Big Brother", iliyoanza Uholanzi mwaka 1999, huwafungia wageni katika nyumba iliyojengwa makusudi, kamera kila upande. Ugomvi hauna haja ya kutungwa, nyumba yenyewe yauzaa. Na katika kazi nyingi za namna hiyo mafundi huunga neno la Jumatatu na neno la Ijumaa likawa sentensi moja. Ukisikia sauti ya mtu akimtukana mwenzake, huku picha yaonyesha kisogo chake ama kikombe mezani, ujiulize kinywa kiko wapi.

Sheria ya Marekani yenyewe hushika upande mmoja tu. Mwaka 1959 Charles Van Doren alikiri kwamba katika shindano la maswali liitwalo "Twenty-One" alipewa majibu mapema. Mwaka 1960 ikatungwa sheria ya kukataza udanganyifu wa namna hiyo katika mashindano. Juu ya mkasi haikusema neno.

Mwaka 2001 Lance, mtoto wa kwanza wa akina Loud, alipokuwa mahututi, aliwaita tena Alan na Susan Raymond wapige picha siku zake za mwisho. Gilbert hakuitwa. Lance aliwaomba wazazi wake wakae pamoja tena, nao wakafanya hivyo, wakaishi nyumba moja hata Bill alipofariki mwaka 2018.