Ubeti wa Mistari Mitano: Hojaji ya EQ-5D Ikisomwa Kutoka Skuta

Hojaji ya EQ-5D, ambayo chimbuko lake lilitangazwa na kundi la watafiti la EuroQol mwaka 1990, ni miongoni mwa matini fupi zilizobebeshwa mzigo mzito kuliko urefu wake. Sehemu yake ya kueleza hali ya afya ina mistari mitano tu: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Msemaji ni nafsi ya kwanza, na wakati ni leo. Sharti hili la wakati ndilo mhimili wa umbo zima, kwa kuwa linamnyima mgonjwa masimulizi: hana jana ya kujilinganisha nayo wala kesho ya kuitumainia, bali anabaki na hali yake ilivyo saa ile. Mpangilio nao si wa kubahatisha. Matini yaanza na kile ambacho jirani hukiona njiani, hupita mikononi na kazini, kisha huzama katika mwili na hatimaye moyoni, mahali ambapo shahidi ni mwenyewe tu.

Umbo la awali lilikuwa na ngazi tatu kwa kila mstari, hivyo hali 243. Lilikuwa na kasoro moja iliyo wazi: katika mstari wa kutembea, ngazi ya pili ni kuwa na matatizo kiasi, na ya tatu ni kulala kitandani bila kutoka. Anayejikokota kwa magongo hakuandikiwa nafasi yake. Umbo la ngazi tano, lenye hali 3,125, liliondoa kitanda na kuweka kutoweza kutembea. Ni uhariri wa busara.

Majibu hugeuka tarakimu. 11111 ni afya kamili. 11211 ni aliyetatizika katika shughuli za kawaida peke yake. Hapo huingia msomaji wa pili, yaani umma. Mhojiwa huombwa awaze kuishi miaka 10 katika hali fulani, kisha aseme ni miaka mingapi ya afya kamili angeikubali badala yake. Akisema 8, hali hiyo ina thamani ya 0.8. Kifo ni 0, na zipo hali ambazo watu huziweka chini ya kifo. Huulizwa umma kwa sababu mfuko wa afya unaogawanywa kwa kutazama thamani hizi ni wa umma; nami naiona hoja hii kuwa ya haki, ingawa inamtaka mzima kuyasoma maumivu ya mwingine kwa nguvu za kuwaza.

Tazama jinsi Waingereza walivyosoma. Katika utafiti wa mwaka 1993 uliohoji karibu watu 3,000 kwa umbo la ngazi tatu, hali 11211 ilipata 0.883, na 11121, ya maumivu ya kiasi, ikapata 0.796. Ukiiacha kando 0.081 inayokatwa mara moja kwa upungufu wowote wa afya, maumivu yamepunguza 0.123 na shughuli za kawaida 0.036 tu. Kuna pia kato la 0.269 linalotozwa mara moja, pale mstari wowote unapofika ngazi ya mwisho: ndiyo maana maumivu makali peke yake huishusha thamani hadi 0.264. Hesabu hii ina kizingiti, na kizingiti hicho ni uamuzi wa kisanaa kama ulivyo wa kitakwimu.

Sasa usome 0.036 hiyo ukiwa Skuta, pembeni mwa mji wa Nyeri, Kenya. Shughuli za kawaida huku ni kibarua cha siku, meza ya sokoni, ng'ombe wa kukamuliwa alfajiri, kahawa na majani chai kwenye miteremko. Mstari wa tatu ukivunjika hapa, karo na chakula huyumba pamoja nao. Siamini kwamba msomaji wa hapa angeupa mstari huo uzito mdogo kuliko yote. Hata kutembea ni jambo jingine kwa mtu ambaye njia ya nyumbani kwake ni mlima.

Watafiti wa Afrika Mashariki wameazima mara kwa mara thamani za Zimbabwe, zilizochapishwa mwaka 2003 kutokana na mahojiano na wakazi wa Glen View, mtaa wa Harare wenye msongamano. Ethiopia na Uganda zimekwisha kujitengenezea zao za ngazi tano. Nasi Wakenya tuna sababu ya karibu ya kufanya hivyo. Mradi wa majaribio wa afya kwa wote ulipoanzishwa Desemba 2018, Nyeri ilikuwa mojawapo ya kaunti nne, pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos, na iliteuliwa kwa wingi wa magonjwa yasiyoambukiza. Kisukari na presha ni magonjwa ambayo mtu huishi nayo miaka mingi. Anayehesabu vifo peke yake hataona afya inayopunguzwa na magonjwa haya kila siku.

Sheria ya Kenya ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeunda jopo la kushauri kuhusu vifurushi vya huduma na ada zake. Jopo hilo lidai thamani zilizotolewa na Wakenya wenyewe, na wahojaji wafike Skuta kama watakavyofika Nairobi, wakiwa tayari kumsikiliza mhojiwa kwa Kiswahili au kwa Kikuyu.